Kampala na Nusu ya Walter Rodney

Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikivunjika na Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kila kimoja kikishika njia yake, wanazuoni wawili walisimama Makerere kubishana mbele ya watu. Wa kwanza alikuwa Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, profesa wa sayansi ya siasa mwenye miaka 37, ambaye hata wasiokubaliana naye walikuja kumsikiliza kwa jinsi alivyojaliwa ulimi. Wa pili alikuwa Walter Rodney, mwanahistoria wa miaka 28, mzaliwa wa Georgetown nchini Guyana, aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam. Redio na televisheni ya Uganda ziliurusha mjadala huo, na Mazrui aliendelea kuusimulia hadi uzeeni.

Mambo waliyobishania hayakuwa ya darasani tu. Mwishoni mwa 1969 Rais Milton Obote alikuwa ametoa Mkataba wake wa Mwananchi wa Kawaida, na tarehe 19 Desemba akapigwa risasi akitoka kwenye mkutano wa chama chake cha UPC pale Lugogo, akanusurika. Tarehe 1 Mei 1970, akiwa Nakivubo, akatangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa za kampuni kubwa zaidi ya 80. Siasa za mrengo wa kushoto zilikuwa ndiyo habari ya mjini. Kwa Rodney, umaskini wa Afrika ulikuwa na tarehe ya kuanza, wahusika wenye majina na hesabu zinazoweza kufuatiliwa kutoka mashamba ya pamba hadi London. Mazrui hakuukana ukoloni, ila aliwauliza Wamarx wa Kiafrika swali la kuudhi: kama tatizo ni kuitegemea Ulaya, mbona dawa mmeiagiza kwa Mjerumani?

Swali hilo lina makali mpaka leo. Lakini lilimlenga Rodney mmoja tu, naye alikuwa bado anabadilika.

Zaidi ya nusu karne baadaye, Rodney anayejulikana Kampala ni yule wa kitabu cha 1972, How Europe Underdeveloped Africa, yaani jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Hoja za kitabu hicho zinasikika kwenye hotuba za wakubwa kila bei ya kahawa inapojadiliwa. Huyo ni nusu ya mtu. Nusu ya pili, yule aliyeanza kwa kuwauliza Wazungu walichukua nini na akaishia kuwauliza watawala weusi wanakula na nani, haijapata makao mjini hapa. Ukiifuata safari ya mawazo yake hatua kwa hatua, sababu haifichiki.

Rodney alizaliwa tarehe 23 Machi 1942. Baba yake, Edward, alikuwa fundi cherehani, na mama yake, Pauline, alikuwa mshonaji. Nyumbani kwao siasa zilikuwa chakula cha kila siku, kwa sababu wazazi wake walikipenda chama cha PPP, na kijana Walter alipewa kazi ya kugawa vipeperushi mitaani. Chama hicho kilikuwa na jambo ambalo Guyana haikuwahi kuliona, kwani Cheddi Jagan, mwenye asili ya India, na Forbes Burnham, mwenye asili ya Afrika, walikaa meza moja. Kilishinda uchaguzi wa 1953, na baada ya siku 133 Waingereza wakaleta wanajeshi na kuisimamisha katiba. Mwaka 1955 Jagan na Burnham wakatengana, na kura za nchi hiyo zikaanza kufuata rangi. Mtoto aliyegawa vile vipeperushi angekuja kutumia miaka yake ya mwisho kujaribu kuunga kilichovunjika pale.

Alisoma Queen's College ya Georgetown, kisha Chuo Kikuu cha West Indies pale Mona, Jamaika, akahitimu historia mwaka 1963 kwa daraja la kwanza. Kutoka hapo akaenda London. Kwa utafiti wa shahada ya uzamivu ilimlazimu ajifunze Kireno na Kihispania ili aweze kupekua kumbukumbu za Lisbon na kwingineko, kwa kuwa Wareno ndio Wazungu wa kwanza kuandika habari za pwani ya Guinea. Mwaka 1966, akiwa na miaka 24, alikuwa daktari wa falsafa.

Utafiti huo ulichapishwa kuwa kitabu mwaka 1970. Wanahistoria kadhaa wa Kiingereza walikuwa wakisema kwamba Afrika ilikuwa na watumwa wake tangu zamani, kwa hiyo Mzungu alikuja tu kununua bidhaa aliyoikuta sokoni. Rodney alirudi kwenye maandishi ya mwanzo ya Wareno kuhusu pwani ile, akatafuta tabaka hilo la watumwa asilione. Alichokiona ni utumwa ulionenepa kadiri meli zilivyoongezeka. Kuna jambo jingine humo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Hakuwaficha machifu na wakuu wa pwani waliofanya biashara hiyo, wakawauza wanyonge wao wenyewe na kunufaika. Tabaka la watawala lilikula sahani moja na mgeni. Kwa hiyo wale wanaosema Rodney aligundua ubaya wa watawala wa Kiafrika uzeeni wanakosea. Kwanza, uzee wenyewe hakuupata. Pili, mbegu ilikuwa ardhini tangu akiwa mwanafunzi.

Huko London alikuwa akihudhuria darasa la mzee mmoja wa Trinidad, C.L.R. James, ambaye nyumbani kwake vijana wa Karibi walisoma Marx na Lenin kwa kina, mstari kwa mstari. James alikuwa ameandika mwaka 1938 juu ya mapinduzi ya watumwa wa Haiti, na alichowaachia vijana hao ni imani kwamba watu wa chini hufikiri, na wanaweza kufika wanakokwenda bila kushikwa mkono. Fundisho hilo lilichukua miaka kadhaa kuiva ndani ya Rodney.

Alianza kulijaribu Jamaika. Baada ya kufundisha Dar es Salaam kwa kipindi kifupi kati ya 1966 na 1967, wakati Azimio la Arusha likiwa bado na moto, alirudi Mona Januari 1968. Mhadhiri wa chuo kikuu, badala ya kushinda na wahadhiri wenzake, akaanza kwenda kwenye vitongoji duni vya Kingston kukaa na Marasta na vijana wasio na kazi, akiwasimulia historia ya Ethiopia, Benin na Ghana ya kale, na kuwasikiliza. Hakwenda kuhubiri. Baadaye aliandika kwamba wao pia walimfundisha. Serikali ya Hugh Shearer haikuona mafunzo hapo, iliona uchochezi. Tarehe 15 Oktoba 1968, akirudi kutoka mkutano wa waandishi weusi kule Montreal, Rodney alizuiwa kushuka kwenye ndege. Kesho yake wanafunzi waliandamana, makabwela wa Kingston wakaungana nao, na jiji likawaka moto. Mihadhara yake ya wakati huo ilikusanywa London mwaka 1969 kwa jina la The Groundings with My Brothers.

Rodney wa wakati huo alihubiri Nguvu ya Weusi, lakini kwa namna yake. Kwake, Mhindi aliyekata miwa huko Karibi alikuwa upande uleule wa Mwafrika, kwa kuwa wote walibebeshwa mzigo mmoja. Rangi ilikuwa mlango wa kuingilia kwenye jambo, haikuwa jambo lenyewe.

Mwaka 1969 alirejea Dar es Salaam, na hapo ndipo hadithi yake inapoingia nyumbani kwa Waganda.

Kijana mmoja kutoka Ntungamo, Yoweri Museveni, alikuwa ameingia chuo kikuu cha hapo mwaka 1967. Aliiruka Makerere kwa makusudi, akaifuata Dar kwa sababu ya Nyerere na kwa sababu wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikuwa na ofisi zao pale. Pamoja na wenzake waliunda USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, yeye akiwa mwenyekiti. Miongoni mwa Waganda wa kundi hilo alikuwamo Eriya Kategaya. Walikuwa na madarasa ya itikadi siku za Jumapili, walialika wazungumzaji, na mwaka 1968 Museveni aliongoza msafara wa wanafunzi kwenda kuyaona maeneo ya Msumbiji yaliyokombolewa na FRELIMO. Rodney alikuwa mwalimu aliyewasogelea. Hawakukaa pamoja muda mrefu, maana Museveni alihitimu 1970, lakini alama ilibaki.

Kwa kweli Mkaribi aliyemshika Museveni kwa nguvu zaidi alikuwa mwingine. Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Martinique aliyefariki Desemba 1961, aliandika kwamba mkoloni anatawala kwa mabavu na mtawaliwa anajirudishia utu kwa mabavu hayohayo. Museveni aliichukua nadharia hiyo, akaipima kwa aliyoyaona Msumbiji, na insha yake ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1971 katika kitabu kilichohaririwa na Nathan Shamuyarira wa Zimbabwe. Kutoka kwa Fanon alichukua bunduki, kutoka kwa Rodney akachukua hesabu ya nani alinyonya nani. Fanon pia alikuwa na sura nzima kali juu ya mabwanyenye weusi wanaorithi viti vya wakoloni, ila kila msomaji huchagua kurasa zake.

Desemba 1969 vijana wa Afrika Mashariki na Kati walikusanyika kwenye semina pale Mlimani, yaani kwenye chuo hicho, na Rodney akatoa mada juu ya itikadi ya mapinduzi ya Afrika. Alisema bila kupepesa macho kwamba uhuru wa nchi nyingi ulikuwa wa kukabidhiana mikoba, na kwamba serikali zilizotokana nao zilistahili kuangushwa. Gazeti la TANU, The Nationalist, lilichapisha mada yake. Siku chache baadaye, tarehe 13 Desemba, likachapisha tahariri iliyomkaripia kwa kutoa porojo za kimapinduzi, ikisema mgeni hawezi kukaa Tanzania akihubiri kupinduliwa kwa serikali za jirani. Wengi waliamini kwamba kalamu iliyoandika tahariri ile ilikuwa ya Nyerere mwenyewe, mwanafunzi wa Makerere wa miaka ya 1943 hadi 1945. Mhariri wa gazeti, Benjamin Mkapa, naye alikuwa zao la Makerere.

Tukio hilo lilimwonyesha Rodney mpaka wa ukarimu. Alimheshimu Nyerere na hakuacha kumheshimu. Mwaka 1972 bado aliandika makala akitetea kwamba Ujamaa wa Tanzania ungeweza kusomwa kama njia ya kweli kuelekea ujamaa wa kisayansi. Lakini alikuwa ameanza kuona kwamba hata dola njema ina masikio yake. Novemba 1970 USARF ilipigwa marufuku pamoja na jarida lake, Cheche, ambalo wanafunzi walilichapa wenyewe. Sababu iliyotolewa ni kwamba Tanzania haikuhitaji itikadi ya kuazima, na Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha. Miezi miwili kabla, Cheche ilikuwa imetoa toleo maalumu lenye insha ya Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya ndani ya Ujamaa. Shivji aliuliza: viwanda vikishataifishwa, ni nani hasa anayeviongoza, na anakula nini? Rodney alichangia mjadala ule. Ukitaka kujua ni lini mawazo yake yalipinda kona, anzia hapo.

Cha ajabu ni kwamba kitabu kilichompa jina kilitoka baada ya kona hiyo, lakini kinaonekana kama kiliandikwa kabla yake. How Europe Underdeveloped Africa kilichapishwa mwaka 1972 kwa ushirikiano wa Bogle-L'Ouverture ya London na Tanzania Publishing House, Walter Bgoya akikisimamia upande wa Dar. Abdulrahman Mohamed Babu aliandika hitimisho. Rasimu ilisomwa na wanafunzi, Karim Hirji na Henry Mapolu. Kilikuwa kitabu cha watu wa kawaida, kisicho na rundo la tanbihi, na wanahistoria wa vyuo vya Ulaya walikidharau kwa sababu hiyohiyo iliyofanya vijana wakipende.

Nguvu yake iko kwenye mifano. Rodney anauchukua mji wa Ibadan kabla ya Vita Kuu ya Pili. Wazungu kama 50 walikuwa na hospitali yao ya vitanda 11. Waafrika nusu milioni walikuwa na vitanda 34. Hapo hahitaji kupandisha sauti. Anamtazama mkulima aliyeingia kwenye ukoloni na jembe la mkono na kutoka nalo baada ya miaka 70, na anauliza maendeleo yanayosemwa yalipita wapi. Himaya za Maziwa Makuu hazikosi: Bunyoro-Kitara, Wachwezi, wafugaji wa Kihima na wakulima wa Kiiru wa Ankole wapo humo, si kama mapambo bali kama ushahidi kwamba jamii hizi zilikuwa na mwendo wake, zikiwa na matabaka yake, kabla ya meli kufika. Kipande hiki Kampala hakitajwi sana. Anayetaka kumnukuu Rodney kuhusu Ulaya hupenda kuruka ukurasa unaozungumzia Wahima na Wairu.

Pamoja na uzuri wake, kitabu kina upungufu, na Rodney mwenyewe aliujua. Adui mkubwa wa kitabu yuko ng'ambo. Mtawala mweusi anaonekana pembeni, kama kibaraka au mshirika mdogo, na mtu anaweza kukifunga akiamini kwamba Mzungu akishatoka, kazi imekwisha. Ndiyo maana kitabu hiki kimeweza kuwa rafiki wa serikali nyingi.

Kazi zake zilizofuata hazina upole huo. Pamoja na Kapepwa Tambila na Laurent Sago alitafiti maisha ya vibarua wahamiaji wa Tanganyika, watu waliotembea kwa majuma kwenda kukata mkonge. Mwaka 1974 Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika lilipokuwa likiandaliwa Dar es Salaam, aliandika waraka mkali. Hoja yake ilikuwa kwamba viongozi wa Afrika wameuteka umajumui, wameugeuza kuwa mikutano ya marais, na wanailinda mipaka ya mkoloni kwa wivu kuliko mkoloni mwenyewe. Serikali za Karibi, ya Burnham aliyekuwa sasa akiitawala Guyana ikiwamo, zilikuwa zimeshinikiza wapinzani wao wasialikwe. C.L.R. James, mmoja wa waliolianzisha wazo la kongamano hilo, alijitoa. Rodney alikuwa akifunga mizigo.

Kwa nini aliondoka? Mwaka uliofuata, akizungumza na wanaharakati weusi kule Marekani, alitoa sababu ambayo msomaji wa Kiswahili ataielewa upesi. Kiswahili alijifunza. Lakini kujua lugha ya kufundishia ni jambo moja, na kuijua kiasi cha kukaa kijiweni ukatupa utani, ukashika fumbo likiwa bado hewani na kujua ni lini mzee anakukubalia kwa adabu tu, ni jambo jingine. Kwa maoni yake, anayetaka kufanya siasa na watu lazima awe na wepesi huo, na unachukua maisha. Yeye wepesi huo alikuwa nao Georgetown. Hilo lilikuwa badiliko kubwa la fikra kuliko linavyoonekana. Mwanamapinduzi wa 1969 aliyedhani itikadi sahihi inavuka mipaka yote alikuwa amegundua kwamba siasa huzungumzwa kwa lafudhi ya mahali.

Guyana ilimpokea kwa mlango uliofungwa. Chuo Kikuu cha Guyana kilikuwa kimemteua profesa wa historia. Serikali ya Burnham ikafuta uteuzi. Hapo ndipo alipokutana uso kwa uso na kitu ambacho kitabu cha 1972 hakikuwaandaa wasomaji wake kukikabili: udikteta unaosema maneno yote sahihi. Burnham alikuwa mweusi, alijiita mjamaa, aliunga mkono ukombozi wa kusini mwa Afrika, alitaifisha boksiti mwaka 1971 na sukari ya kampuni ya Booker mwaka 1976. Ungemsikiliza ungedhani amesoma mihadhara ya Rodney. Na alikuwa akiiba kura.

Rodney alijibu kwa kuingia chama cha WPA, muungano wa watu wa kazi, kilichokataa kuwa na kiongozi mmoja mkuu na kilichojaza mikutano yake na Waafrika na Wahindi pamoja. Alizungumza uani kwa watu, chini ya nyumba za nguzo, kama alivyofanya Kingston. Sasa hakuuliza ni nani anamiliki kiwanda cha sukari. Kilikuwa cha serikali tayari. Aliuliza kama mkata miwa anaweza kuitisha mkutano bila kupigwa virungu. Julai 1979 alikamatwa na kushtakiwa kwa kuchoma majengo ya serikali. Aprili 1980 alikwenda kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe, akapewa nafasi ya kubaki na kufanya kazi huko, akarudi nyumbani. Usiku wa tarehe 13 Juni 1980, akiwa ndani ya gari na mdogo wake Donald, bomu lililofichwa ndani ya redio ya mawasiliano lilimlipukia mapajani. Alikuwa na miaka 38. Aliyemkabidhi redio hiyo, Gregory Smith, sajini wa jeshi la Guyana, alitoroshwa kwenda Guyana ya Ufaransa na akafia huko mwaka 2002. Tume ya uchunguzi, katika ripoti yake ya 2016, iliunyooshea kidole utawala wa Burnham. Cheti cha kifo cha Rodney kilikuwa kimeandikwa kwamba marehemu hakuwa na kazi, na ni mwaka 2021 tu ambapo serikali iliamua kusahihisha pawe profesa.

Miezi minane baada ya mlipuko ule, tarehe 6 Februari 1981, Museveni na wenzake walishambulia kambi ya Kabamba. Walipoingia Kampala Januari 1986 walikuwa na Programu ya Mambo Kumi, na kipengele cha tano, juu ya kujenga uchumi wa taifa ulio huru, uliounganika na unaojitegemea, kingeweza kusomwa kama kazi ya nyumbani ya mwanafunzi wa Mlimani. Mei 1987 serikali hiyohiyo ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikakatwa sifuri mbili, na uuzaji wa mashirika ya umma ukafuata miaka iliyofuata, hadi Uganda Commercial Bank ikaishia mikononi mwa Stanbic. Watetezi wa uamuzi huo husema hazina ilikuwa tupu, nao hawasemi uongo. Lakini lugha ya zamani haikutupwa. Rais bado analalamika, na ana haki, kwamba kahawa inaondoka ikiwa mbichi na faida inabaki kwa wakaangaji wa Ulaya. Huyo ni Rodney wa 1972, mzima kabisa. Rodney wa 1979, aliyesema hakuna ujamaa wala ukombozi pale ambapo mtu mmoja hawezi kuondolewa, hakualikwa bungeni mwaka 2005 ukomo wa mihula ulipofutwa, wala 2017 ukomo wa umri ulipofuata.

Kampala ilipata nafasi yake ya kuurudisha mjadala huo mezani. Aprili 1994 mji huu ulikuwa mwenyeji wa Kongamano la Saba la Umajumui wa Afrika, Tajudeen Abdul-Raheem wa Nigeria akiwa katibu mkuu, na swali alilouliza Rodney mwaka 1974 lilikuwa hewani tangu matayarisho: je, kongamano ni la watu au la serikali? Tarehe 6, wajumbe wakiwa bado wanakutana, ndege ya Rais wa Rwanda, Juvénal Habyarimana, ilitunguliwa Kigali. Mauaji ya kimbari yalianza usiku ule, umbali wa siku moja ya safari kwa basi, katika nchi ambayo mipaka na matabaka yake Rodney angeyatambua mara moja. Makaratasi ya kongamano hayakuwa na jibu la jambo kama hilo.

Kwenye vyuo mambo yalikuwa yamekwenda tofauti tangu mapema. Waganda waliokimbilia Dar wakati wa Idi Amin, akina Dan Nabudere, Yash Tandon na Mahmood Mamdani, ndio waliolichukua swali la pili la Rodney wakaligombania. Kwenye mdahalo maarufu wa Dar juu ya tabaka, dola na ubeberu, Nabudere aliona kwamba mnyonyaji mkuu ni mtaji wa kibeberu na kuwahesabu mabwanyenye wa ndani ni kupoteza shabaha. Shivji na Mamdani walisema ukiwaacha hao, hujaeleza lolote kuhusu Kampala wala Dar. Waliitana majina. Nabudere baadaye alirudi Mbale na kuongoza taasisi yenye jina la Mkaribi wa zamani zaidi, Marcus Garvey.

Mamdani ndiye mwenye hadithi inayomhusu Rodney kwa karibu zaidi, ingawa mwaka 2018, akiandika juu ya chuo kikuu cha Kiafrika, alimweka Rodney na Mazrui kwenye mizani moja bila kumwangusha yeyote. Mwaka uleule kitabu cha Rodney kilipotoka, Agosti 1972, Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Wapatao 27,000 walipokelewa Uingereza, Mamdani akiwa miongoni mwao, mkazi wa kambi ya wakimbizi jijini London. Mwaka 1973 alikuwa Dar akifundisha, Rodney akiwa bado pale.

Amin aliiita hatua yake vita vya kiuchumi, kwa maneno ambayo msomaji asiye makini angeweza kuyachanganya na ya kitabu. Hapo ndipo Guyana na Uganda zinapofanana na kutofautiana kwa wakati mmoja. Wahindi wapatao 240,000 walipelekwa Guyana kwa mikataba ya kibarua kati ya 1838 na 1917, kukata miwa iliyoachwa na watumwa walioachiwa huru. Afrika Mashariki ilipokea takribani 32,000 kujenga reli, wengi wakarudi kwao, na waliokuja baadaye wakafungua maduka. Kwa hiyo Mhindi wa Guyana alikuwa na panga la kukatia miwa. Kule Kakira na Lugazi, jina la Kihindi lilikuwa juu ya lango la kiwanda, na waliokata miwa walitoka West Nile na Rwanda. Mamdani alitumia kitabu chake cha 1976, Politics and Class Formation in Uganda, kuonyesha kwamba hata hivyo neno Mwasia lilificha mwenye kiwanda na mwenye kiduka cha mtaani kwenye gunia moja, na kwamba Amin aliwafukuza wote ili tabaka dogo la Waafrika na wanajeshi wake lipate kurithi. Wakati kitabu hicho kinatoka, Rodney alikuwa Georgetown bila ajira, akiandika historia ya watu wa kazi wa Guyana kati ya 1881 na 1905, iliyochapishwa mwaka mmoja baada ya kifo chake. Alikuwa akitafuta kwenye nyaraka za mashamba ya sukari ni lini hasa mjukuu wa mtumwa na mtoto wa kibarua wa Kihindi walianza kuambiwa kwamba mmoja anamlia mwenzake riziki, na ni nani aliyekuwa akiwaambia.